Katika Kuchagua Merikebu ya Starehe Iliyo ya Kadiri

Mtu aliyeazimia kutumia mapumziko yake baharini, akaingia kwa wakala wa safari na kuonyeshwa picha za merikebu zinazoshindana kwa ukubwa, aghalabu huulizwa kwanza ana fedha kiasi gani, kisha angependa kwenda wapi, na hapo shauri huhesabiwa kuwa limekwisha. Ilhali suali lililostahili kutangulia hayo yote, nalo ni la merikebu yenyewe, ukubwa wake, umri wake na mwenendo wa maisha ndani yake, huachwa mpaka siku ya kupanda ngazi, wakati ambapo nauli imekwisha kulipwa na majuto hayana faida. Nakusudia kulirejesha suali hilo mahali pake, na hasa kuizungumzia aina moja ya merikebu ambayo inazidi kuwa adimu: ile ya kadiri, isiyo ndogo ya matajiri wachache wala kubwa ya kupindukia, yenye sitaha ya mbao inayoizunguka pande zote, yenye maktaba, na chumba cha kulia kilichotandikwa vitambaa vyeupe, na abiria wasiozidi elfu moja na mia tano.

Safari za namna hii si bidaa ya zama zetu. Mwezi wa Januari 1891 Albert Ballin, mmoja wa wakuu wa kampuni ya merikebu ya Hamburg, aliiondoa Augusta Victoria katika bandari ya Cuxhaven na kuipeleka kuzunguka bahari ya Mediterania, kwa kuwa majira ya baridi abiria wa kuvuka Atlantiki walikuwa wachache, na merikebu iliyofungwa gatini hula fedha bila ya kuzirejesha. Wenziwe wengi waliona ni wazimu kuwapakia watu wasio na haja ya kufika popote. Lakini watu walipanda, wakaridhika, na mwaka 1900 kampuni hiyo hiyo ikaishusha majini Prinzessin Victoria Luise, iliyoundwa makusudi kwa matembezi tangu mkuku wake hadi mlingoti.

Sisi wa mwambao nasi tuna kumbukumbu zetu za merikebu za kadiri. Kampuni ya British India ilikuwa na Kenya ya mwaka 1951 na Uganda ya mwaka 1952, pacha zilizokuwa zikitoka London kupitia Suez mpaka Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Uganda ilikuwa na tani 14,430, na kwa siku zile ikihesabiwa merikebu ya heshima. Abiria walipochukuliwa na ndege, iligeuzwa ikawa, tangu mwaka 1968, merikebu ya safari za wanafunzi, ikitiwa mabweni na madarasa, vijana wakisomeshwa njiani habari za miji waliyokuwa wakiikaribia; mwaka 1982 ikawa hospitali katika vita vya Falkland; na mwaka 1986, ilipokuwa ikingoja kuvunjwa, tufani ikaitupa pwani huko Kaohsiung, Taiwan. Naitaja kwa kuwa inatuonyesha jinsi kipimo cha ukubwa kilivyohama: merikebu inayoitwa leo ya wastani ina zaidi ya mara nne ya tani za Uganda.

Na tuitazame basi hiyo ya wastani ya leo kwa mfano ulio bayana. Kampuni ya Holland America, iliyoasisiwa Rotterdam mwaka 1873 na ambayo sasa ni milki ya kampuni ya Kimarekani ya Carnival, ina, miongoni mwa nyingine, merikebu mbili, Volendam ya mwaka 1999 na Zaandam ya mwaka 2000, zote mbili zimeundwa Marghera, karibu na Venice, kila moja ikiwa na urefu wa takriban mita 237, tani zaidi kidogo ya 61,000, na nafasi ya abiria 1,432 wakikaa wawili wawili chumbani. Tani hizo, inafaa msomaji ajue, hazitokani na uzito hata kidogo, bali ni hesabu ya wasaa wote uliofungiwa ndani ya merikebu, kutoka ngamani hadi juu. Iweke Volendam kando ya Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Januari 2024, yenye tani 248,663 na abiria 5,610 kwa hesabu ile ile ya wawili wawili, na zaidi ya elfu saba vitanda vyote vikijaa. Tofauti inakuwa kama ya kijiji na mji.

Hapa wengi huteleza. Husema kwamba merikebu kubwa ni msongamano na ndogo ni faragha, na wakala hodari huwashinda mara moja kwa hesabu, maana ukigawa tani kwa abiria utaona kwamba Volendam humpa kila mtu kama tani 43 na Icon of the Seas humpa kama 44. Hesabu hiyo ni sahihi, nayo haithibitishi kile kinachodaiwa kuthibitishwa. Raha ya safari haitegemei wasaa peke yake, hutegemea pia ni watu wangapi wanaotaka jambo moja kwa saa moja: wangapi wanaosubiri lifti baada ya chakula cha asubuhi, wangapi wanaoteremka bandarini kwa pamoja na kuujaza mtaa mmoja wa mji mdogo, na ni umbali gani utakaoutembea kutoka kitandani mpaka kwenye meza yako. Tena wasaa wa merikebu kubwa umetumika kwa mambo ambayo huenda wewe huna haja nayo, mabwawa ya michezo, maporomoko ya maji ya kuchezea, safu za maduka. Na wa merikebu ya kadiri umeachwa kwa kukaa, kusoma na kuitazama bahari. Kwa hiyo usiulize tu kuna nafasi kiasi gani. Uliza imetumiwa kwa nini.

Jambo la pili, nami naliona ndilo kubwa, ni wapi merikebu inaweza kuingia. Bahari ni pana lakini milango yake ni myembamba. Mfereji wa Corinth nchini Ugiriki, uliofunguliwa mwaka 1893 kwa kukatwa katika mwamba, upana wake ni kama mita 24 tu. Na Oktoba 2019 merikebu Braemar ya kampuni ya Fred. Olsen, yenye upana wa mita 22 na nusu na urefu wa mita 195, ilipita humo ikivutwa polepole, kuta za mwamba zikiwa karibu na abiria hata mtu aliona angeweza kuzigusa, ikawa merikebu ndefu kupita zote zilizowahi kuuvuka mfereji ule. Mfereji wa Kiel, unaokata Ujerumani ya kaskazini na kumfupishia msafiri njia ya kuingia bahari ya Baltiki, haupitishi merikebu ambayo kimo chake juu ya maji kinazidi mita 40, kwa sababu ya madaraja. Abiria wa merikebu ya kadiri isiyozidi kipimo hicho hupita humo mchana kutwa, mashamba kulia na kushoto, watu wakiwapungia mikono kutoka ukingoni, ilhali wa merikebu kubwa hulazimika kuizunguka Denmark. Mfereji wa Panama nao, kabla ya milango mipya kufunguliwa Juni 2016, ulizuia kila merikebu iliyozidi upana wa mita 32 na kitu, na ndiyo sababu utaona merikebu nyingi za miaka ya tisini na mwanzo wa elfu mbili, Volendam na Zaandam zikiwamo, zimeishia papo hapo kwa upana.

Lakini haki lazima itendeke, nayo ni kusema kwamba ukadiri haufungui kila mlango. Tangu tarehe 1 Agosti 2021 Italia imezikataza kupita mbele ya uwanja wa San Marco merikebu zote zenye zaidi ya tani 25,000 au urefu wa zaidi ya mita 180, na katazo hilo limezipata hizi za wastani pamoja na zile kubwa. Tangazo likikwambia kwamba safari yaanzia Venice, uliza ni gati gani, kwa sababu wapo wanaopandishwa Marghera na wapo wanaopandishwa Ravenna, mwendo wa kama saa mbili kwa basi. Uliza vile vile ni saa ngapi merikebu itakaa katika kila bandari, na kama itafunga gatini au itatia nanga nje na kuwashusha watu kwa mashua, kama ifanyikavyo Santorini na katika kisiwa cha Guernsey. Maana mashua hazishushwi bahari ikichafuka, nahodha hupita bila ya kusimama, wala hakuna kosa lake. Mwenye magoti mabovu ajue kwamba kuingia mashuani kunataka hatua thabiti. Orodha ya miji kumi yenye saa nne nne kila mmoja ni duni, kwa rai yangu, kuliko ya miji mitano ambayo merikebu hulala au huondoka usiku.

Sasa tuingie ndani. Siku ambayo hakuna bandari, kutwa kucha ni maji, ndiyo siku inayoibainisha merikebu njema. Katika Volendam na Zaandam kuna sitaha ya tatu yenye njia ya mbao za msaji inayoizunguka merikebu kutoka omo hadi tezi na kurudi, imefunikwa juu, imepangwa viti virefu vya kujilaza, na mtu huweza kutembea humo asubuhi mapema mizunguko kadhaa, bahari ikiwa karibu kiasi cha kusikia maji yanavyochanika. Merikebu mpya nyingi zimeiondoa njia hii au zimeikata vipande, kwa kuwa nafasi yake huuzwa kama vyumba vyenye roshani. Nasikitika sana kwa jambo hilo. Abiria aliyefungiwa rosha­nini mwake anaiona bahari ya upande mmoja peke yake. Anayezunguka sitahani huona pande zote, akapata upepo upande mmoja na utulivu upande wa pili, na hukutana na wenziwe wanaozunguka, wakasalimiana siku ya kwanza na siku ya tatu wakawa marafiki. Katikati ya Zaandam imesimamishwa kinanda kikubwa cha mabomba cha namna ya Kiholanzi, kinachopanda ghorofa tatu. Ni pambo lisilo na faida ya biashara, na kwa hiyo ni dalili njema ya fikira za walioiunda.

Chakula katika merikebu hizi za mila huliwa kwa taratibu. Unaweza kuchagua saa moja na meza moja kwa safari nzima, ukahudumiwa na watumishi wale wale, ambao katika kampuni hii wengi ni watu wa Indonesia na Ufilipino, nao baada ya siku mbili hujua kwamba wewe hunywi kahawa usiku na kwamba mkeo hapendi pilipili manga. Wengine huona utaratibu huo ni kifungo, wakapenda kula watakapo. Merikebu nyingi sasa huruhusu yote mawili, ila ihtiyari yako yapasa kuandikwa mapema, wakati wa kununua tikiti. Usiku mmoja au miwili huwa wa dhifa na mavazi ya heshima, na hapa kanzu iliyopigwa pasi vizuri pamoja na koti, au dera na mtandio, hukaa mahali pake bila ya wasiwasi. Muislamu anayetaka nyama iliyochinjwa kwa sharia asitegemee ahadi ya mdomo. Aiandikie kampuni wiki nyingi kabla, apate jibu la maandishi, na kama jibu si la kutosheleza ajiridhishe kwa samaki na mboga, ambavyo havikosekani. Kuhusu kibla, televisheni ya chumbani aghalabu ina ramani inayoonyesha merikebu ilipo na upande inakoelekea, na kwa dira ndogo mfukoni mambo huwa sahali.

Inafuata habari ya umri, ambayo huwatia watu hofu. Merikebu za zamani kabisa, zile zilizokuwa zikivuka Atlantiki, hazipo tena katika kazi hii, kwa sababu kanuni za kimataifa za usalama wa baharini zilipiga marufuku, kuanzia Oktoba 2010, mbao na vifaa vyepesi kushika moto vilivyokuwa vimezipamba, na wenye nazo wakaona gharama ya kuzibadili haimithiliki. Merikebu Rotterdam ya mwaka 1959, ya Holland America hiyo hiyo, imenusurika kwa kufanywa hoteli, imefungwa katika mji wenye jina lake. Kwa hiyo merikebu ya mila tunayoizungumza leo ni ya miaka ya tisini au mwanzo wa elfu mbili. Rotterdam iliyofuata, ya mwaka 1997, ilinunuliwa mwaka 2020 na Fred. Olsen pamoja na mwenzake Amsterdam, zikaitwa Borealis na Bolette, na zote mbili bado zina yale mabomba mawili ya moshi yaliyosimama bega kwa bega kwa kuikumbuka ile ya 1959. Merikebu ya umri huu, ikitunzwa, haina aibu. Lakini ziulizwe habari zake: ilitiwa gudi mara ya mwisho lini, ilirekebishwa nini humo, mabomba ya maji na mitambo ya kupoza hewa yakoje. Wapandao merikebu zinazofika Marekani wana msaada mmoja zaidi, kwamba wakaguzi wa afya wa nchi hiyo huzipa alama kati ya mia, wakazitangaza hadharani, na iliyopata 85 au pungufu huhesabiwa kuwa imeanguka. Na ukubali kwamba vyumba vyake vitakuwa na matundu machache ya umeme, na roshani zitakuwa za wachache.

Katika kuchagua chumba, msomaji afuate maumbile ya bahari kabla ya kufuata fahari. Merikebu ikienda mrama, omo na tezi ndizo zinazopanda na kushuka, na sitaha za juu ndizo zinazolala upande huu na huu. Katikati na chini hutulia. Mapezi ya chuma yanayotokezwa ubavuni chini ya maji hupunguza sana ile kulala ubavu, lakini dhidi ya kupanda na kushuka hayana nguvu, na merikebu ya kadiri huyahisi mawimbi kuliko ile kubwa. Sitalificha hilo kwa mtu mwenye kigegezi cha haraka. Chumba cha katikati, sitaha ya chini, chenye dirisha, ni bora kwake kuliko chumba cha gharama kilicho juu omoni. Kisha aitazame ramani ya sitaha kwa makini, aone juu ya chumba kuna nini na chini kuna nini: chini ya jiko kuna kelele za alfajiri, juu ya ukumbi wa ngoma kuna kelele za usiku, karibu na omo kuna mnyororo wa nanga, na nyuma ya mashua za uokozi dirisha huweza kuzibwa kabisa. Vile viitwavyo vyumba vya bahati, ambavyo kampuni hukuchagulia yenyewe kwa bei rakhisi, ni vya mtu anayelala popote.

Nauli haisemi yote. Kampuni za Kimarekani huongeza bakshishi ya kila siku kwa kila kichwa; P&O ya Uingereza iliiondoa mwaka 2019, na zipo nyingine zinazoijumlisha katika nauli, hivyo bei mbili zilizo sawa kwa macho huenda zisiwe sawa. Msafiri peke yake hutozwa mara nyingi karibu na nauli ya watu wawili, na merikebu za mila ndizo zenye kheri kwake, hasa za Fred. Olsen, kwa kuwa zimetenga vyumba vya mtu mmoja. Daktari wa merikebu hutoza, tena si kidogo, na bima inayolipia kuhamishwa kwa ndege kutoka baharini si ya kupuuzwa na mzee wala kijana. Kwa mwenye pasi ya Kenya, Tanzania au Uganda shauri zito zaidi ni viza: merikebu ikitoka bandari ya Hispania, ikapita Morocco, ikarudi Hispania, viza ya Schengen ya kuingia mara moja haitoshi, na safari inayoanzia Southampton inahitaji viza ya Uingereza juu ya zile za nchi zitakazofikiwa. Wakala anayeuza tikiti bila ya kukuuliza pasi yako ni ya nchi gani, muage kwa adabu uende kwa mwingine.

Wala sisemi kwamba merikebu hii ni ya kila mtu. Mwenye watoto wa miaka minane na kumi atawachosha humo, kwa sababu michezo ni michache na wenzao watakuwa wachache zaidi, na kwake zile kubwa ndizo zenye mema mengi. Lakini kwa mume na mke ambao watoto wao wamekua, kwa mama aliyestaafu ualimu, kwa ndugu wawili waliotengana miaka mingi, mmoja Muscat na mmoja Leicester, wanaotaka kukaa pamoja bila ya kupika wala kuendesha gari, sijui mapumziko yaliyo bora. Nao, ikiwa ndiyo mara ya kwanza, waanze na safari ya usiku saba au nane kwenda kwenye ghuba za Norway, mwezi wa Mei au Juni: njia ya bahari kuu ni fupi, ndani ya ghuba maji hutulia kati ya milima, na jua huchelewa kuzama hata mtu akakaa sitahani baada ya chakula cha usiku akasoma bila ya taa.